Povu Linalodanganya

"Baba wa watu anakonda, na wewe unamnywesha maji ya soya yanayomwendesha tumbo!" Mshonaji alipaza sauti dirishani kwake, futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Wewe shona nguo! Mkwe wangu niachie mwenyewe!" Mama Pacha alijibu mlangoni, mwiko mkononi.

Wapangaji wote wakachungulia. Nani akose vitu kama hivyo?

Lakini moyoni Mama Pacha alikuwa na wasiwasi. Baba mkwe alikuwa ametoka kuugua. Meno ya kutafuna hana, na maziwa ya ng'ombe yanamkataa. Ndiyo maana alimtengenezea maziwa ya soya, apate nguvu. Mzee alikunja uso kila alipoyaonja. "Mwanangu, yananuka majani mabichi." Akimaliza kikombe tu, tumbo linamsokota.

Siku hiyo wifi yake, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha vyakula, alikuja kumjulia hali baba yake. Akakuta kelele.

"Mtagombana baadaye," alisema. "Wifi, hebu pika nione."

Mama Pacha alisaga soya zilizolowekwa, kwa maji baridi. Akachuja, akabandika sufuria. Punde povu likapanda hadi ukingoni. Akaepua.

"Tayari!"

"Bado kabisa!" wifi alimkatiza. "Povu hilo linakudanganya. Linapanda kabla maziwa hayajachemka. Soya ina protini nyingi, lakini ikiwa mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kuisaga. Moto ndio unavimaliza."

"Yaani nimemnywesha baba mbichi?"

"Mbichi ya moto," alidakia Mshonaji. Alikuwa ameshaingia jikoni, nani alimwona?

"Na harufu je?" Mama Pacha aliuliza.

"Inatokea unaposaga kwa maji baridi. Zitumbukize kwanza soya kwenye maji yanayotokota, dakika tano hivi. Kisha saga kwa maji ya moto."

Wakaanza upya. Povu lilipopanda, Mama Pacha alipunguza moto. Akakoroga mpaka likashuka. Akayaacha yachemke polepole dakika ishirini, huku akikoroga.

Mzee alikunywa kikombe chote. Wote wakamkodolea macho.

"Kuna mengine?" akauliza.

Tangu hapo tumbo lilitulia. Baada ya wiki kadhaa mzee alijikongoja mwenyewe hadi dirishani kwa Mshonaji, suruali mkononi.

"Mwanangu, inanibana kiunoni. Ipanue."

Mshonaji akacheka mpaka akashika meza. Mama Pacha akamwita kutoka ndani:

"Wewe mwenye mdomo! Acha hiyo cherehani. Chakula kimeshapakuliwa, ingia tule."