Kiuno cha Muuguzi

Kila akitoka shule, Kidoti alikuwa anapitia kwa shangazi yake. Anavua sare, anakula alichowekewa, anaosha mikono vizuri asije akachafua vitambaa vya watu, halafu huyo barazani kazini. Shangazi alikuwa fundi cherehani, na baraza ya nyumba ndiyo ilikuwa duka lake. Palikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, na kioo kirefu kilichopasuka pembeni. Wateja wanene walikipenda sana kioo kile kwa sababu kilikuwa kinawapunguza kidogo.

Kidoti alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa kwa ajili ya kidoti cheusi shavuni. Yeye ndiye aliyekuwa anapima wateja, maana magoti ya shangazi hayakutaka tena mambo ya kuinamainama. Shangazi anakaa mezani na daftari, Kidoti anazungusha futi ya kupimia, anataja, shangazi anaandika.

"Kifua?"

"Arobaini na mbili."

"Mkono?"

"Ishirini na moja."

Inakwenda hivyo, raha mustarehe, mpaka wafike thelathini. Hapo sasa. Kidoti alikuwa na kigugumizi. Siyo kwa kila neno, hapana. Kuna maneno yalikuwa yanateleza tu, na kuna mengine yakifika mdomoni yanagoma. Mdomo uko wazi, shingo imekaza, sauti hakuna. Watu wakamwambia vuta pumzi. Akavuta, akavuta, pumzi za kujaza matairi ya baiskeli, na neno likabaki pale pale.

Mtoto wa jirani alikuwa anamwita Redio.

"Vipi Redio, leo betri zimeisha?"

"Zi-zi-zimeisha. Niazime ubongo wako, naona hu-hu-huutumii."

Basi wanacheka wote wawili. Hakuwa mtoto wa kununanuna huyu.

Na shangazi hakuwa na haraka naye. Thelathini ikikwama, yeye anatunga uzi kwenye sindano, anasubiri. Shida ilikuwa watu wengine, tena wale wenye roho nzuri. Siku moja Kidoti alitumwa kiberiti. Akafika dukani, "Ki-ki-ki..." Mwenye duka akamwonea huruma. "Kitunguu?" Kidoti akaitikia kwa kichwa, akarudi nyumbani na kitunguu. Kuitikia ni rahisi mno. Unatikisa kichwa mara moja, watu wanashusha pumzi, mambo yameisha.

Sasa Jumamosi moja akaja muuguzi wa kituo cha afya, mama mcheshi, mwenye mwili wake. Alikuwa anataka gauni jeupe la kazi.

"Jumatatu ijayo, si hii ya keshokutwa, nakabidhiwa wodi niwe mkuu," akasema. "Nataka wagonjwa wakiniona wapone kabla ya dawa."

Siku hiyo baraza ilikuwa imejaa, watu wamekaa mpaka kwenye ngazi. Kidoti akapima kifua, akapima mabega, akafika kiunoni. Futi ikasema thelathini na saba.

"Kiuno?" shangazi akauliza.

"Th..."

Neno likakwama. Mtu mmoja kwenye ngazi akakohoa. Muuguzi hakuweza kuvumilia kuona mtoto wa watu anahangaika.

"Thelathini na mbili, siyo mwanangu? Ndiyo kiuno changu siku zote."

Kiuno hicho, tuseme ukweli, alikuwa nacho kabla ya mtoto wake wa kwanza. Lakini Kidoti akaitikia kwa kichwa. Shangazi akaandika thelathini na mbili.

Ijumaa muuguzi akaja kujaribu gauni. Zipu ikapanda vizuri, ikafika kiunoni, ikasimama. Akavuta tumbo ndani mpaka macho yakamtoka. Wapi.

Shangazi akafungua daftari. Akachukua futi, akapima upya mwenyewe, magoti yanalia. Halafu akavua miwani, akakaa chini taratibu.

"Inchi tano," akasema. "Miaka ishirini na sita ninakata nguo, sijawahi kukosea inchi tano. Ni macho haya. Au ni masikio."

"Usijali, dada, ni nguo tu," muuguzi akamwambia.

"Najali. Nikimaliza kazi zilizopo, kukata nitaacha. Nitabaki na vifungo na kupinda pindo."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Kidoti. Alikuwa amesimama pale na kopo la pini. Hakuna aliyekuwa anajua ila yeye, na kunyamaza kungekuwa rahisi, maana kunyamaza hakuna kigugumizi.

"Shangazi."

"Naam, mama."

"Si ma... si ma..."

Neno likagoma. Muuguzi akamtazama kwa huruma ile ile.

"Si makosa yako, mwanangu. Hakuna anayekulaumu."

Mlango huo umefunguliwa. Kutikisa kichwa mara moja tu kuitikia, na mambo yameisha. Kidoti akatikisa kichwa kukataa. Akainua mkono, yaani subiri. Shingo ikakaza, akafumba macho. Shangazi alikuwa anasubiri.

"Si ma-macho yako. Ni mimi. Nilipima th... thelathini na saba. Yeye akasema mbili, ni-nikaitikia."

"Kwa nini uliitikia?"

"Ili iishe."

Muuguzi akajitazama kwenye kioo. "Kumbe. Nimepungua inchi tano bila dawa, na mimi ndiye niliyejipunguza." Akaanza kucheka, tumbo lote linacheka.

Shangazi akavaa miwani yake. "Lete kile kitambaa kilichobaki," akasema. "Tutafumua ubavuni, tutie kipande kila upande. Litakaa kama lilikusudiwa hivyo."

Muuguzi akachukua mkasi mdogo, akaanza kufumua. "Kutoa nyuzi niachieni mimi, ndiyo kazi yangu ya kila siku." Kabla jua halijazama, zipu ikapanda mpaka juu.

Shangazi akamvuta Kidoti karibu. "Sikiliza. Kukwama si kosa. Hata ukikwama mpaka jioni, mimi nipo. Kosa ni kuitikia neno ambalo si lako, maana mimi ninakata kitambaa cha mtu kwa neno lako."

"Na sisi wakubwa," muuguzi akasema, "tuache kuwalisha watoto maneno. Mimi nilidhani ninamsaidia. Kigugumizi kinaweza kupungua, kinaweza kubaki, lakini mwenye nacho anajua anachotaka kusema."

Kesho yake akaja mzee mmoja, anataka suruali. Kidoti akazungusha futi kiunoni, akafungua mdomo, neno likakwama. Mzee akaanza, "Thelathini na..."

"Ngoja, baba," shangazi akamwambia, kalamu iko hewani. "Kipimo anacho yeye. Atakitaja mwenyewe."

Wakangoja. Mzee akatazama nje, akatazama viatu vyake.

"Thelathini na nne," Kidoti akasema, na shangazi akaandika.