Chungu cha Maman Georgette

Maman Georgette anauza maharagi katika soko la Nyawera. Hajasoma shule, lakini gunia lake halijapotea hata siku moja. Kila gunia analichora chungu kwa makala, yaani makaa. Wabeba mizigo wakiona chungu tu, wanajua: hili ni la Georgette, msiliguse!

Nyumbani kwake Bagira, mwaka huu kulikuwa na kilio. Binti yake, Joviale, alishindwa na maneno ya Kifaransa. Jumatatu iliyofuata kungekuwa na interro, jaribio la darasani, na mtoto aliapa kwamba akipata sifuri tena, harudi shule. Mama akaogopa kweli. Akamwamuru aandike kila neno mara ishirini. Masikini, alidhani anasaidia!

"Nuage, nuage, nuage…" Joviale akaandika huku akiimba kama anayesali rozari.

Jirani yao, mwalimu Camille, akasimama mlangoni. "Joviale, nuage iko nini?"

"Sijue, mwalimu."

Mama akashika kichwa. "Yesu wangu! Mara makumi mbili, na hajue?"

"Mukono ndiyo umesoma, maman. Kichwa ilikuwa inalala," Camille akacheka. "Lakini dawa uko nayo. Magunia yako, watu wanayajua namna gani?"

"Nachora chungu."

"Basi! Kila neno ipate alama yake. Mutoto achore mwenyewe, alama ndogo tu. Kisha afunike neno, aangalie alama, aseme neno."

Camille akamweleza maana ya kila neno, naye Joviale akachora wingu juu ya ziwa. Nuage! Akachora mvua, daraja, mlima. Likabaki neno moja: paix, yaani amani.

"Hii haina sura," mama akasema. "Utaichora namna gani?"

Joviale akafikiri. Akachora sahani moja ya bugali, na mikono sita ikila pamoja. Mama akaitazama, akafurahi mpaka machozi yakamtoka.

Jumatatu mtoto alirudi mbio, viatu mkononi. "Maman! Nimepata yote! Yote!"

Georgette akapiga vigelegele, majirani wakatoka nje kuuliza nani ameolewa.

"Sasa zamu yako, maman," Joviale akasema, akampa kipande cha makala.

Nenda Nyawera leo ujionee. Kwenye kila gunia, chini ya chungu, kuna neno: Georgette. Ameliandika mwenyewe. Herufi ya kwanza imepinda kidogo, lakini nani atathubutu kumwambia?