Malengo Kumi na Manne ya Wambeti

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kelele zake, Wambeti huwa amekwisha kuamka. Huteka maji, huwapa mbuzi majani, kisha hunywa chai jikoni pamoja na nyanya yake. Nyanya huyo pia anaitwa Wambeti, kwani kwa Waembu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Kwa hivyo yeye humwita msichana "wajina," naye msichana humwita Cucu.

Asubuhi ya mwaka mpya, mbuzi walilia mpaka wakachoka. Wambeti alikuwa amepiga magoti sakafuni, ulimi nje, akiandika nyuma ya kalenda ya mwaka uliokwisha.

"Cucu, njoo uone! Mwaka huu nitakuwa mtu mwingine kabisa!"

Cucu akaja akijifunga leso. "Na huyu wa zamani tutampeleka wapi?"

Wambeti hakujali mzaha huo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, alikuwa anaingia gredi ya saba, na furaha ilikuwa imemjaa hadi kooni. Akaanza kusoma kwa sauti. Kuwa wa kwanza katika hisabati. Kuingia timu ya mbio za nyika. Kupika chapati za duara. Kupiga gitaa. Kusoma Biblia yote. Kujengea sungura nyumba. Aliendelea hivyo mpaka akafika lengo la kumi na nne.

Lengo la mbio alikuwa ameliandika kwa kalamu nyekundu. Mwaka uliopita Mwalimu Mbogo alichagua wasichana watatu wa kwenda kukimbia mjini Embu, naye Wambeti akawa wa nne, hatua moja nyuma ya rafiki yake Ruguru. Hatua moja tu! Alirudi nyumbani siku hiyo akilia njia nzima. Mchujo wa mwaka huu ungefanywa Jumamosi ya mwisho ya Januari, na hakuna kitu duniani alichokitaka zaidi ya nafasi ile.

"Mshika mbili moja humponyoka," Cucu alisema. "Mshika kumi na nne je?"

"Ah, Cucu! Mimi nina mikono myepesi."

Wiki ile ya kwanza nyumba haikuwa na amani. Jumatatu Wambeti alitoka mbio kuelekea mtoni, lakini njiani akakumbuka gitaa aliloazima kwa mjomba wake, akageuka. Jumanne chapati zake zilitoka na pembe. Jumatano alipigilia misumari nyumba ya sungura hadi akajiponda kidole. Kufikia Ijumaa alikuwa amekimbia mara moja tu, tena nusu ya njia. Hata hivyo furaha yake haikupungua hata chembe, maana kila siku alikuwa ameshughulika kwelikweli!

Jumamosi walikwenda kuchuma kahawa. Ilikuwa duru ya mwisho ya msimu. Kuchuma kahawa kunataka subira, kwa sababu tawi moja hubeba matunda mekundu na mabichi pamoja, na mchumaji hutoa yaliyoiva kwa ncha za vidole, moja moja. Cucu, ambaye magoti yalimsumbua, alichukua mistari ya karibu. Wambeti alishuka chini na debe lake.

Alitazama jua. Gitaa lilimngoja. Sungura walimngoja. Kitabu cha Mwanzo kilimngoja. Basi akashika tawi kwa kiganja kizima na kulipurura mpaka mwisho. Mekundu, mabichi na majani, yote yakaingia debeni. Akapurura la pili na la tatu. Moyo ulimwambia kwamba hilo si jambo zuri, lakini mikono ilikuwa imeshanogewa. Kila debe lilipojaa alitoa majani, akalimwaga guniani na kuufuata mti mwingine huku akiimba, na gunia lilipojaa akatandaza matunda mekundu juu.

"Umeshamaliza gunia zima?" Cucu alishangaa saa nne ilipofika.

"Si nilikuambia nina mikono myepesi?"

Walipoipeleka kahawa kiwandani walikuta foleni ndefu. Gachoki, karani wa mizani, aliita, "Wambeti!" Cucu akasogea. Gachoki alimwaga gunia juu ya turubai, kama ilivyo desturi, ili aikague kahawa kabla ya kuipima. Mekundu machache yalitangulia, kisha mabichi yakafuata, yakabingirika mpaka kwenye viatu vya watu.

"Mama, hii ni kahawa ama ni minji?" Gachoki aliuliza, akiokota tunda la kijani kama njegere.

Foleni nzima ikacheka.

"Wambeti amezeeka jameni," mtu mmoja alisema. "Hata rangi haoni siku hizi."

Wambeti mdogo alihisi masikio yakiwaka moto. Miaka thelathini Cucu alikuwa akileta kahawa pale, na haikuwahi kukataliwa hata siku moja. Sasa jina lile, jina lao wote wawili, lilikuwa likichekwa mbele ya kijiji kizima. Cucu alipiga magoti taratibu, yale magoti mabovu, akaanza kutenganisha mekundu na mabichi.

Wambeti aliona aibu hata akatamani kukimbilia chooni. Badala yake alisimama mbele ya foleni.

"Si Cucu," aliwaambia watu wote. "Ni mimi. Nilipurura matawi, halafu nikaficha mabichi chini. Cucu hakujua."

Kicheko kikakoma. Gachoki alimtazama, kisha akavuta kiti chake mwenyewe na kumpa Cucu.

"Basi wewe uliyefanya ndiwe utakayechagua," alimwambia Wambeti, bila ukali. "Nyinyi mtapima mwisho."

Alichagua kwa saa mbili nzima, mpaka vidole vikanata. Rundo la mabichi likawa kubwa kuliko la mekundu.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Cucu alikuwa na tunda moja bichi kiganjani.

"Hili lingekaa mtini wiki chache tu, lingekuwa jekundu," alisema. "Sasa halitaiva tena, na kiwanda hakilitaki."

"Nisamehe, Cucu. Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya kwenda wapi?"

Wambeti akahesabu moyoni. Haraka ya gitaa? Ya sungura? Hata mbio zenyewe, alizozililia mwaka mzima, hakuwa amezifanyia kitu.

Nyumbani Cucu alitandaza gunia tupu juu ya meza, akaishusha ile kalenda ukutani na kuiweka juu yake.

"Chagua," alisema.

Wambeti alielewa mara moja. Alichukua makasi, akakata malengo yake vipande kumi na vinne, akavitawanya juu ya gunia kama kahawa kiwandani. Aliviangalia kwa muda mrefu. Gitaa lilimuuma kuliacha, akalishika mara mbili na kulirudisha. Mwishowe alibaki na vipande viwili mkononi, mbio na hisabati. Vile vingine Cucu alivitia ndani ya kopo la kakao, akafunika.

"Hatuvitupi?" Wambeti aliuliza.

"Nani hutupa kilicho mtini? Sasa niambie, hiyo timu utaiingia vipi? Lengo lisilo na saa ni hadithi tu."

Wakapanga papo hapo. Kila kukipambazuka, isipokuwa Jumapili, angekimbia kutoka langoni hadi mtoni na kurudi bila kusimama. Kila jioni angefanya hesabu tano. Kila mbio ingeandikiwa mstari mmoja wa makaa kwenye ukuta wa ghala.

Siku ya kwanza kilima cha kutoka mtoni kilimtoa jasho hadi akakaa chini. Siku ya tano alikipanda akitembea. Siku ya tisa alikipanda akikimbia, na alipofika langoni alipiga kelele ya furaha iliyowaamsha mbuzi wote. Cucu alikuwa akimngoja na kikombe cha uji. Kufikia usiku wa kuamkia mchujo, ukuta ulikuwa na mistari kumi na saba.

Jumamosi ile uwanja wa shule ulijaa wazazi na vumbi. Mwalimu Mbogo alipuliza kipenga, wasichana ishirini na wawili wakachomoka. Nusu ya kwanza Wambeti alikuwa wa saba. Kisha kikaja kilima cha nyuma ya kanisa, na wenzake wakaanza kuhema. Wambeti akacheka peke yake. Kumbe hiki ni kifupi kuliko cha mtoni! Akampita mmoja, wawili, watatu, akawafikia wale wa mbele, akabaki anauona mgongo wa Ruguru peke yake. Waliingia uwanjani wakiwa wanakanyagana visigino.

Mwalimu Mbogo aliinua karatasi. "Wa kwanza, Ruguru! Wa pili, Wambeti!"

"Niko!" waliitikia watu wawili.

Mmoja alikuwa Wambeti. Wa pili alikuwa Cucu, amesimama katikati ya wazazi, mkono juu. Uwanja mzima ukacheka, na safari hii kicheko kilikuwa kitamu. Ruguru alimkumbatia rafiki yake. "Bado uko hatua moja nyuma yangu," alimtania.

"Tutaonana Embu!" Wambeti alijibu.

Cucu alipomfikia, macho yake yalikuwa yamelowa.

"Wajina," alisema, "mti wa kahawa hauivi wote siku moja, wala mtu. Mwaka ni mrefu. Chuma lililoiva kwa mikono miwili, uliache lililo bichi lingoje zamu yake, na hutarudishwa kutoka kwenye mizani."

Kisha akaingiza mkono ndani ya kiondo, akatoa lile kopo la kakao na kumfunulia. Wambeti alivuta kipande kimoja, akakisoma: Kupika chapati za duara.

"Cucu, hili nalo limeiva?"

"Limeiva tangu asubuhi," Cucu alisema, akimshika mkono. "Twende nyumbani, nina njaa."