Mawe Meupe ya Kiwanja cha Mpera Mmoja

Wewe unayesoma hapa, nakujua. Umepita kando ya kisima kisicho na mfuniko ukasema kina wenyewe. Umeona waya umening'inia njiani, ukainama, ukapita, ukaenda zako shule. Jioni ukiulizwa umeona nini leo, unajibu hujaona kitu. Uliona. Ulitazama pembeni. Usinikunjie uso, maana mimi nilifanya vibaya kuliko wewe: niliona, nikachukua, nikanyamaza. Ilikuwa mwaka 1976, masika, nami nilikuwa darasa la sita. Jina langu ni Sikudhani.

Kijiji chetu cha Mpera Mmoja kilikuwa mbele ya Dutumi. Mto Ruvu ukifurika, barabara ya Mlandizi ilikatika, na mgonjwa mahututi alibaki na njia moja tu ya kufika hospitali upesi: ndege ndogo ya madaktari. Ndiyo sababu tulikuwa na kiwanja. Usifikirie lami na taa. Chetu kilikuwa njia ya kifusi kilichoshindiliwa, urefu wa hatua mia nane, nyasi zimefyekwa pande zote, na juu ya mti mrefu umefungwa mfuko wa kitambaa wa kumwonyesha rubani upepo unakotoka.

Mtunzaji wa kiwanja alikuwa Bwana Silvanus, mtu wa bara aliyekuja kwetu kutoka Chole ya Kisarawe, alikokuwa akifanya kazi ya kujaza mashimo ya barabara. Kila asubuhi nilipokwenda kuchota maji nilimkuta kazini. Kwanza anafukuza mbuzi. Kisha anatembea njia nzima akichoma ardhi kwa mtaimbo. Halafu anafunga ndoo ya maji nyuma ya baiskeli na kuiendesha kasi toka mwisho hadi mwisho. Maji yakimwagika, anashuka, anatafuta kibonde kilichoyamwaga, anakijaza kifusi na kukishindilia kwa gogo. Watoto tulimwita Mzee Mtaimbo. Watu wazima nao walimcheka, wakasema anaogesha barabara.

"Shikamoo, Bwana Silvanus. Leo maji yamemwagika?" nilimuuliza asubuhi moja.

"Marahaba. Kidogo tu, pale karibu na mfereji. Lakini njoo nikuonyeshe kitu kibaya."

Akanipeleka mwisho wa njia, upande wa mashariki. Ukitazama, ardhi ilikuwa kavu na ngumu. Akachoma mtaimbo. Ukazama karibu wote, ukatoka umejaa tope jeusi.

"Maji yanapita chini kwa chini," alisema. "Mtu akipita hapa hajui. Mbuzi akipita hajui. Gurudumu la ndege ndilo litakalojua."

"Sasa rubani atajuaje?"

"Nitamwandikia."

Alikusanya mawe makubwa, akayapaka chokaa yote iliyokuwa imebaki stoo ya kijiji, akayapanga juu ya sehemu ile kwa alama kubwa ya kosa, kama ile mwalimu anayokuwekea kwenye hesabu uliyokosea. Akanieleza kwamba rubani yeyote akiiona toka juu anajua kuwa hapo hapakanyagwi, naye anasimamisha ndege kabla ya kufika hapo. Kisha akaniuliza, "Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Na kweli nilielewa. Ndiyo maana sina pa kujificha.

Jumatano Bwana Silvanus aliondoka kwenda Kibaha kuomba lori la kifusi, lije mto ukishapungua. Ilikuwa mara yake ya tatu kuliomba tangu Januari. Barua zake mbili hazikujibiwa, akaona bora aende na miguu yake.

Alhamisi mwalimu mkuu, Mwalimu Gregori, alitukusanya. "Kesho mkaguzi anakuja," alisema. "Kila darasa lipambe njia yake kwa mawe meupe. Watakaoshinda watashika bendera ya usafi muhula mzima."

"Mwalimu, chokaa imekwisha," nilisema. Nilikuwa kiranja wa darasa.

"Kiranja halilii chokaa. Kiranja anatafuta."

Darasa zima likanicheka. Tukaokota mawe, tukayapaka majivu. Yalipokauka yalikuwa kama miguu ya mtu asiyejua mafuta. Wakati huo darasa la tano walikwisha pata chokaa kwa fundi mmoja, na njia yao iling'aa.

"Hawa wadogo watatuimba mpaka tumalize la saba," alisema Adamu, aliyekuwa akikaa dawati la nyuma yangu. "Kiranja, si kuna mawe ya Mzee Mtaimbo yamelala tu kule, yanaota jua?"

"Yale yana kazi."

"Kazi gani? Ndege ya mwisho ilikuja mwaka jana. Tunaazima tu. Jumamosi tunarudisha, na mwenyewe hayupo."

Wote walinitazama mimi. Katika darasa zima ni mimi peke yangu niliyeuona mtaimbo ukizama. Ningesema neno moja tu, wangeacha. Nilisema, "Jumamosi asubuhi, lakini." Nikaona hilo "lakini" limenitakasa.

Tuliyabeba kichwani kwa kata za majani, safari tatu. Tulipita mbele ya nyumba ya mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mwinyijuma, tukamwamkia. Akaitikia, akayatazama mawe, akasema, "Pambeni vizuri, msitutie aibu kwa mgeni." Jioni Mwalimu Gregori alitembea njia yetu mpya, akaligusa jiwe moja kwa ncha ya kiatu. "Safi sana," alisema. "Sitaki kujua mmeyatoa wapi." Ukiacha ile ya darasa la tano, chokaa katika kijiji kile ilikuwa imepakwa mahali pamoja tu. Wote wawili walijua.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, tukiwa mstarini, Mwalimu Gregori alitoa tangazo. Biasha alikuwa ameshikwa na uchungu tangu juzi, na zahanati imeshindwa. Kituo cha mifugo cha jirani, chenye redio ya mawasiliano, kilikuwa kimeita ndege, nayo ingefika saa nne. Wavulana wanne wa darasa la saba waende wakafukuze mbuzi kiwanjani. Basi. Akaanza kutukagua kucha.

Biasha alikuwa jirani yetu. Ndiye aliyekuwa akinisuka kila Jumapili, na juma lililopita alikuwa ameuweka mkono wangu tumboni mwake nisikie mtoto anavyopiga teke. Nilitaka kuinua mkono. Lakini mkaguzi alikuwa amekwisha fika, na suti yake ya Kaunda na daftari lake. Nikajiambia rubani huenda ni yule wa zamani, anapajua. Nikajiambia huenda pamekauka. Saa mbili na nusu muda ulikuwapo. Saa tatu muda ulikuwapo, tungekimbia wote tukayapanga upya. Niliimba nyimbo zote za mgeni, na katika wimbo wa pili nilikuwa hata naongoza.

Mkaguzi alipita njia yetu taratibu. "Darasa la sita wameonyesha mfano," alisema, akanikabidhi bendera. Nilikuwa nimeishika mkononi niliposikia ndege.

Nikamwendea mwalimu mkuu. "Mwalimu, mawe haya ni ya kiwanjani. Yanamwambia rubani asikanyage pabovu."

Akainama sikioni mwangu. "Nyamaza, Sikudhani. Mgeni anasikia."

Nililaza bendera chini, nikainua jiwe, nikakimbia. Nyuma yangu nikasikia miguu ya Adamu, halafu ya wengine. Tulikata katikati ya mihogo. Ndege ilizunguka mara moja juu kutazama kama kuna mbuzi. Nilipofika ukingoni niliinua jiwe langu juu ya kichwa, lakini jiwe moja mikononi mwa mtoto halimwambii rubani kitu. Ndege ikatua vizuri kabisa upande wa magharibi. Ikaja inapunguza mwendo, inapunguza, mpaka mwisho wa njia. Hapo gurudumu la kulia likazama. Mkia ukainuka, pangaboi likaula udongo, kukawa kimya.

Biasha alikuwa amelala juu ya kitanda cha kamba kwenye kibanda cha makuti cha mtunzaji, kando ya kiwanja. Aliona yote.

Rubani alitoka akivuja damu kwenye paji la uso. Alikuwa kijana ambaye hatukuwahi kumwona. "Nilitazama alama toka juu," alimwambia mkunga aliyekuwa na Biasha. "Sikuona alama yoyote. Nikajua pote ni pazima." Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwake, nimelikumbatia jiwe kifuani. Hakunitazama.

Wanaume sita walimbeba Biasha na kitanda chake mpaka mtoni, wakamvusha kwa mtumbwi, wakaendelea naye hadi Mlandizi kupata gari. Walifika hospitali usiku. Biasha alipona. Mtoto hakupona. Nesi alimwambia mama yangu kwamba huenda hata ndege isingemwahi yule mtoto. Huenda. Nimeishi na neno hilo miaka yote hii.

Jumamosi Bwana Silvanus alirudi bila ahadi ya lori. Jumapili ukaitishwa mkutano wa kijiji.

"Mtunzaji aliondoka siku tatu," alisema Mzee Mwinyijuma. "Ndege imevunjika, na msiba tumeupata. Mtu wa namna hii wa nini? Arudi kwao."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Bwana Silvanus alisimama ameshika kofia yake. "Niliacha alama," alisema.

"Iko wapi hiyo alama?"

Darasa la sita wote tulikuwapo, tunachora chini kwa vidole. Mwalimu Gregori alikuwa anatazama viatu vyake. Nami, nikwambie ukweli, niliwaza hivi: huyu ni mtu wa bara, hana ndugu hapa, ataondoka na jambo litakwisha. Niliwaza hivyo mimi, mtoto aliyekuwa akimwamkia kila asubuhi. Wazo hilo lilinitia aibu kuliko hata mawe, na ndilo lililoninyanyua.

"Ni mimi niliyeitoa," nilisema. Sauti haikutoka vizuri, nikarudia. "Bwana Silvanus alinionyesha tope. Aliniuliza kama nimeelewa, nikasema nimeelewa. Nikayachukua mawe yakapambe njia yetu ya shule."

Adamu akasimama. "Mimi ndiye niliyetoa shauri."

Mwalimu Gregori naye akainuka. "Niliyaona," alisema. "Niliyapenda, nikakataa kuuliza. Na Sikudhani aliponiambia, nilimnyamazisha."

Mzee Mwinyijuma hakutaja kwamba naye aliyaona mawe. Alitangaza kwamba mtunzaji anabaki na kwamba mkutano umefungwa.

Nilimfuata Bwana Silvanus mpaka kibandani, nikamwomba radhi. Hakunikumbatia, wala hakunigombeza. Aliniketisha juu ya karai lililopinduliwa.

"Ungesema Ijumaa saa mbili, tungekuwa na ndege nzima, na Biasha angeondoka saa nne," alisema. "Umesema Jumapili, kilichopona ni kazi yangu tu. Ukweli ni ule ule, mwanangu, ila umeuchelewesha. Kwenye kiwanja hatumtafuti mtu asiyekosea, maana hayupo. Tunamtaka anayesema mapema. Ukiona hatari, sema hapo hapo. Na kama umeisababisha wewe, ndiyo ukimbie zaidi kusema."

Kesho yake kijiji kizima kilishika majembe. Tulilichimba lile tope mpaka shimo likafika kiunoni mwa mtu mzima. Tukapanga mawe makubwa chini, juu yake kifusi tulichokibeba kwa makarai na vikapu kutoka kilimani, kila tabaka likashindiliwa peke yake. Pembeni tukachimba mfereji wa kuyapeleka maji bondeni. Siku kumi na mbili. Darasa la sita tuliirudisha bendera, na kila jiwe lilirudi kiwanjani kwa kichwa kile kile kilicholiondoa. Bwana Silvanus alifunga ndoo yake akapanda baiskeli, na safari hii hakuna aliyecheka. Halikumwagika tone. Mafundi walipoleta pangaboi jipya kwa mtumbwi, ndege ilitengenezwa pale pale, ikaruka.

Kisha Mwalimu Gregori na Bwana Silvanus walitundika rimu la gari kwenye kibanda liwe kengele, na mkutano ukapitisha sheria moja: yeyote akiona kasoro kiwanjani agonge rimu, mkubwa kwa mdogo, mchana au usiku, na anayesema kosa lake mwenyewe kabla halijamdhuru mtu haadhibiwi. Wa kwanza kugonga alikuwa Adamu. Alikuwa amemfunga mbuzi wake njiani, akang'oa kigingi na kuacha shimo. Tulilijaza kabla ya adhuhuri.

Kwa Biasha nilikwenda na mama. "Nimesikia ulisema mwenyewe," Biasha alisema, halafu akageukia ukutani. Hakunisuka tena mpaka nikamaliza shule, wala sikuwahi kumdai anisamehe.

Sasa funga kitabu. Lipo jambo ulilokuwa ukilijua hata kabla hujaanza kusoma, na limekujia kichwani zaidi ya mara moja ulipokuwa ukisoma. Unajua liko wapi na litamuumiza nani. Usingoje kengele, na usingoje nani ataanza. Inuka, mwendee mtu mzima aliye karibu nawe, mwambie jambo lenyewe kwa jina lake, na kama lina mkono wako ndani, mwambie hilo kwanza. Akikunyamazisha, mtafute mwingine. Nenda.