Kipimo cha Bi Mwanamize

Rajabu alikuwa mjomba wa mama yangu. Mungu amrehemu yeye, na anisamehe mimi kwa nitakayoyasema mwishoni.

Alikuwa mchimbaji na mlinzi wa makaburi ya ukuta mweupe, pale juu ya bonde la Jangwani, enzi za Mwingereza, mwaka ule mvua ilipoingia mpaka kwenye vibanda vya Kariakoo. Yalikuwa makaburi ya wakubwa. Mgeni akipita, Rajabu humtembeza: huyu Liwali, huyu shekhe aliyesomesha nusu ya mji, huyu mfalme wa ngoma ya beni, alivaa kofia ya manyoya mpaka kitanda cha mauti, huyu ndiye wa kwanza kuleta santuri Kariakoo, na majirani hawakumlilia sana. Wageni hucheka, naye hujisikia kama wote wale ni jamaa zake.

Mwisho wa safu palikuwa na kaburi lenye kijiti tu badala ya jiwe. Humo alilala Bi Mwanamize, muosha maiti, aliyewaosha mama na wake wa wakubwa wote wale kwa miaka arobaini. Hakuacha mume wala mtoto. Wakubwa wenyewe ndio waliotaka alazwe pale.

Ijumaa moja asubuhi alifariki Hamud, muuza vitambaa. Ndugu yake Nasor akaja na kauli moja: Hamud atalala juu na watu wa maana, hawezi kulazwa bondeni kwenye maji kama chura. Rajabu akamwambia juu pamejaa. Nasor akanyoosha bakora, akakigusa kile kijiti.

"Na huyu?"

Rajabu angeweza kusema. Alimjua vizuri, ndiye aliyemuosha mama yake. Lakini Nasor alikuwa mtu wa kusikilizwa mjini, na Rajabu alipenda mno kuongeza jina katika safu yake.

"Huyo," akasema, "hana mtu."

Sasa, desturi yao ilikuwa hivi: maiti hupimwa urefu kwa uzi wa ukindu, mchimbaji akachimba kwa uzi huo, kisha uzi, ndio kipimo chake, ukazikwa na mwenyewe. Rajabu alipofukua, alikuta viunza, mbao za kufunikia maiti, vimeoza na mifupa imeachana. Lakini kipimo cha Bi Mwanamize kilikuwa kibichi. Miaka kumi na tisa chini ya udongo, nacho laini kama kimechanwa asubuhi ile.

Alikishika, akakigeuzageuza. Lakini tahalili zilikuwa zinasikika, jeneza linakuja. Akakichomeka kiunoni, akaizoa mifupa kwenye gunia la mchele, akaishusha bondeni na kuifukia kwa majembe matano ya tope. Hakusoma hata Fatiha. Alijiambia atarudi.

Nyumbani, binti yake wa pekee, Mauza, alikuwa akisuka mkeka wa harusi yake na ukindu umempungukia. Rajabu alivua shuka ya kazi, akaingia kuoga. Alipotoka, shuka haina kitu.

"Ukindu wako mzuri, baba," Mauza akasema bila kuinua kichwa. "Nimeuchanganya. Haukatiki."

Kumwambia aufumue ilikuwa kumwambia ulikotoka. Rajabu akakaa kitako. Akala chakula chake.

Jumamosi adhuhuri Mauza alijinyoosha juu ya mkeka ule apumzike. Jua lilikuwa la kuchoma bati. Akaomba shuka. Akaomba ya pili. Chumba kikaanza kunukia kafuri.

Alasiri ilipofika, miguu ilikuwa imenyooka, haikunjiki. Mikono ikateleza yenyewe ubavuni. Macho tu ndiyo yaliyokuwa yakizunguka, yakimtafuta baba yake.

Kwa harufu ile ya maiti, akaitwa Bi Kuruthumu, muosha maiti, mwanafunzi wa Bi Mwanamize. Akainama, akanusa nywele za msichana. Akamvuta Rajabu ukumbini.

"Huyu ameoshwa," akanong'ona. "Tena kwa mkono ninaoujua. Umefanya nini?"

Rajabu akakiri yote. Bibi akamwambia amtoe Hamud leo hii, kabla ya magharibi, amrudishe Bi Mwanamize mahali pake pamoja na kipimo chake.

"Nasor ataniua, bibi."

"Basi chagua unayemwogopa."

Rajabu alichagua. Aliukunja mkeka, akaupeleka bondeni. Maji yalikuwa yametanda; mahali pa gunia hapajulikani. Akautupa mkeka majini, akaomba msamaha, polepole, Mungu asikie na Nasor asisikie.

Aliporudi alimkuta Mauza ameketi, anakunywa uji. Rajabu akaanguka akasujudu. Alipoinua uso, binti alikuwa akimtazama kwa huruma, kama mtu mzima amtazamavyo mtoto.

"Rajabu mwanangu," akasema. "Mama yako nilimuosha kwa maji ya vuguvugu. Mimi umenilaza kwenye baridi."

Akaweka bakuli chini.

"Ulisema sina mtu. Sasa ninaye."

Akajilaza. Akanyoosha miguu. Akafumba macho mwenyewe.

Bi Kuruthumu alikuja na ndoo yake, akatoka nayo imejaa vilevile. Hapakuwa na cha kuosha. Nywele zimesukwa. Kucha safi. Pamba imekwisha tiwa puani.

Nasor alikuja kutoa pole. Rajabu alipomwomba ampishe binti yake juu, karibu na Hamud, Nasor akatikisa kichwa. "Juu pamejaa. Si ndivyo ulivyoniambia?"

Mauza akalala bondeni. Rajabu alichimba mwenyewe, maji yakimfika magotini, akiyateka kwa kata na kaburi likijaa tena.

Waliporudi mazikoni walikuta mkeka umekunjwa kizingitini. Mkavu. Mauza hakuwa ameumaliza. Sasa ulikuwa umeshonwa mpaka pindo, kwa mkono mzuri kuliko wake.

Rajabu aliishi miaka mingi bila kuukanyaga. Ulimfikia mama, kisha mimi, na huning'inia msumarini.

Nakiri kosa langu. Mwaka jana, nilipomzika mke wangu, nikabaki peke yangu katika nyumba hii, niliushusha nikajilaza nione. Mauza, wote walisema, alikuwa mfupi, hafiki bega la baba yake. Mimi ni mrefu.

Ulinienea kama kipimo changu, toka utosini hadi visiginoni.