Nguo Iliyoshonwa Mwilini

Dada yangu ni fundi cherehani, na nikisema fundi nina maana ya fundi. Si hawa wa kukuahidi Ijumaa ukachukua nguo mwezi mwingine. Chumba chake cha kazi kiko mbele ya nyumba yetu: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na stuli ya mbao anayomsimamisha mteja wakati wa kumpima. Akiwa kazini huweka pini mdomoni, kwa hiyo amezoea kuongea bila kufungua meno. Wateja wapya hudhani amenuna. Wa zamani wanajua amenuna kweli.

Asubuhi moja ya kawaida kabisa, shoga yake wa tangu shule alimpigia simu kutoka nchi ya mbali alikokwenda kusoma. Amepata mchumba hukohuko, harusi ni hukohuko, na gauni hataki lishonwe na mtu mwingine. Angemtumia dada tiketi ya ndege, na nyingine ya mtu wa kufuatana naye. Harusi ikiisha angewatembeza kuona majumba ya kale. Dada alilia, akacheka, halafu akauliza vipimo.

Shida ni kwamba dada haamini vipimo vya simu. Kwake nguo ya harusi haishonwi kwa namba, inashonwa kwa mwili, na mwili wa bi harusi ulikuwa ng'ambo. Ikabidi atafute wa kuazima. Akampata palepale jirani: binti mpiga pasi ambaye kibanda chake kimeegemea ukuta wetu, tukimwita Twiga kwa urefu wake. Mabega yaleyale ya bi harusi, kiuno kilekile. Twiga alikuwa na vidole vyenye makovu ya moto na kicheko kinachosikika mtaa wa pili. Tulimpenda, lakini kwa namna unavyompenda jirani akiwa kwao.

Jioni baada ya jioni nilimkuta juu ya ile stuli, amevaa gauni lisilo na mikono bado, anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Alikuwa amepiga pasi kutwa nzima akiwa wima, na sasa anasimama tena. Hakulalamika. Nilishangaa kidogo kwa nini anavumilia hivyo bila malipo, lakini sikuuliza. Nilikuwa na haraka ya kwenda kula.

Tiketi zilipofika, dada aliniambia nijiandae, ni mimi ninayekwenda naye. Nilirukaruka kama mtoto. Siku ya kuondoka Twiga ndiye aliyetubebea begi la gauni mpaka kwenye gari. Aliliweka kiti cha nyuma taratibu, akalilaza vizuri, akaendelea kuushika mpini wake.

"Twiga, gari linaondoka," dada alisema bila kumtazama.

Akaachia. Macho yake yalikuwa mekundu, nami nikasema moyoni kwamba ni moshi wa makaa ya pasi.

Harusi ilifana. Ukumbi ulijaa taa na maua, na sisi tulikaa meza ya mbele na ndugu wa karibu. Kitu kimoja tu kilikwenda kombo. Chumbani, wakati wa kumvalisha, gauni lilikataa kupita mbavuni. Tulivuta. Bi harusi alijikaza, akavuta pumzi ndani, hatimaye zipu ikapanda.

"Shoga," alimwambia dada huku akicheka kwa shida, "hili gauni mbona kama nimelivaa na mtu?"

Sote tulicheka. Dada hakucheka. Alisema atalilegeza kesho, kwa sababu bi harusi alitaka kulivaa tena tukienda kupiga picha kwenye jumba la kale. Kwa hiyo gauni likarudi kwenye begi letu, na lilikwenda nasi kila tulikokwenda.

Matembezi tuliyaanza makumbusho ya mjini. Tulikuwa wanne: bwana harusi, bi harusi, dada na mimi. Muuza tiketi alitutazama mlangoni, akakata tiketi tano. Bwana harusi alimrudishia moja. Yule muuzaji akachungulia nyuma yetu, akasema neno kwa lugha yao, akaichukua. Nilimuuliza bi harusi amesemaje.

"Anasema basi huyo mwingine asubiri nje."

Tulidhani amechoka, siku nzima anahesabu vichwa. Mchana tukaingia mkahawani, na mhudumu akaleta vikombe vitano vya chai, kimoja akakiweka mbele ya kiti kitupu kando ya dada. Bi harusi alitania kwamba shoga yake amenenepa mpaka anahesabiwa wawili. Dada aliinuka akaenda kunawa uso. Niliangalia kile kikombe. Chai ilikuwa imepungua, na hakuna mtu wa meza yetu aliyekigusa.

Siku iliyofuata mama alipiga simu tukiwa njiani kwenda kwenye jumba. Nilipokea mimi. Aliuliza tumekula nini, tumelala vipi, halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba Twiga anaumwa tangu tuondoke. Hainuki kitandani. Miguu imemvimba, na daktari haoni kitu.

"Anasema amechoka kutembea," mama alisema. "Kutembea gani, na hata chooni anabebwa?"

Nilimweleza dada. Mikono yake ilikuwa juu ya lile begi, imelishika kwa nguvu.

Jumba lilikuwa juu ya kilima, la mawe mekundu, na ngazi pana za kupanda kutoka langoni hadi ukumbi wa juu. Mtembezaji wetu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na mwavuli, mchangamfu, anaongea huku akitembea kinyumenyume. Bi harusi alitutafsiria. Huku ndiko mfalme alikokaa. Huku ndiko farasi walikonywea maji. Ghafla yule mama akakatisha maneno, akaangalia chini kwenye ngazi tulizopanda. Bi harusi aliacha kutafsiri.

"Amesemaje?" niliuliza.

"Anasema twende polepole. Mwenzetu yule mrefu amebaki nyuma, anachechemea."

Niligeuka. Ngazi zilikuwa tupu, jua kali, hata kivuli hakuna. Kulikuwa na njiwa wametulia kwenye vidato vya chini. Wa kidato cha kwanza wakaruka. Kisha wa kidato cha pili. Kisha wa tatu. Wakawa wanapisha kitu kinachopanda.

Dada alinishika mkono, akanivuta kwenye chumba cha mawe kilicho kando, kile ambacho bi harusi angebadilishia nguo. Alifunga mlango. Akatoa gauni, akalitandaza juu ya benchi, akaanza kuongea kwa mnong'ono, haraka haraka, meno yamefungwa ingawa mdomoni hamkuwa na pini.

"Tiketi yako ilikuwa yake."

"Ya nani?"

"Ya Twiga. Nilimwahidi. Ndiyo maana alikuwa anasimama. Kila akitaka kushuka kwenye stuli namwambia vumilia, tutapanda wote ndege. Baadaye nikamwona anavyocheka, ile mikono yake, nikafikiria watu wa harusi, picha... Nikamwambia Twiga kwamba bi harusi ametuma tiketi za ndugu tu."

Nilikumbuka kiti cha dirishani nilichokalia, jinsi nilivyobandika pua kwenye kioo kutazama mawingu. Nilijisikia mwizi.

"Na si hilo tu," dada alisema. "Siku ya mwisho nilikuwa na haraka. Mshono wa ubavu ulikuwa umebaki. Nikaushona akiwa amelivaa."

Hata mimi nisiyejua kutunga uzi kwenye sindano nalijua hilo katazo. Fundi aliyemfundisha dada kazi, mama mmoja mkali, alilirudia mpaka likatuchosha: nguo haishonwi ikiwa mwilini, maana utaishona pamoja na mtu. Na ukijisahau, mvalishe tena yuleyule, uufumue mshono akiwa ndani yake, umwambie ahsante, umshushe. Tulikuwa tukimcheka. Dada alimcheka zaidi ya wote.

Nje, kwenye mawe, nilisikia hatua. Miguu mitupu. Mmoja unatua, mmoja unaburuzwa. Unatua. Unaburuzwa. Zilikuwa zinakuja polepole, bila hasira, namna anavyokuja mtu aliyechoka ambaye anajua mko wapi.

Zikasimama mlangoni.

Dada alichukua mkasi. Akaingiza ncha kwenye mshono wa ubavu.

"Dada, subiri," nilimnong'oneza.

Hakunisikia, au alinisikia. Alikata. Uzi ulitoka mrefu, mweupe, ukakatika vipande sakafuni. Nje ya mlango mtu alivuta pumzi, pumzi ndefu ya mtu anayefunguliwa nguo ya kubana. Kisha kimya.

"Imekwisha," dada alisema. Alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka. "Nimemwachia. Imekwisha."

Nilitazama vile vipande vya uzi. Hofu iliyonishika hapo ilikuwa nyingine kabisa.

"Dada," nilisema. "Umemwachia huku. Nyumbani atarudije?"

Tabasamu likamtoka. Alinitazama, akatazama mlango. Angeweza kuufungua. Angeweza kumvalisha tena, sijui vipi, angeweza hata kusema tu, njoo, tufuate. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Hakulifanya. Alilibana gauni kwapani, akafungua mlango kwa bega, akakimbia kushuka zile ngazi bila kugeuka, nami nyuma yake. Bi harusi na mumewe walitufuata wakiuliza kulikoni.

Mtembezaji alitukimbilia mpaka langoni, miwani imemteremka puani. Alikuwa anaonyesha juu kwa mwavuli, anaongea kwa ukali sasa. Bi harusi alikuwa amesimama mlangoni mwa gari, uso umempauka.

"Anauliza mbona tunamwacha mwenzetu. Anasema anatupungia mkono."

"Ingia ndani ya gari," dada alimwambia.

Tuliondoka.

Tulikatisha matembezi na kurudi nyumbani kwa ndege ya kwanza iliyokuwa na nafasi. Njia nzima dada alikuwa akijisemea midomoni. Nilisogeza sikio nikasikia anafanya mazoezi ya kuomba msamaha. Twiga, nimekukosea. Twiga, mdogo wangu, nimekukosea. Anaanza, anakosea, anaanza tena. Nilimwacha. Nilitaka aseme vizuri.

Tulipokaribia nyumbani tuliona viti vimepangwa nje kwa jirani, na turubai.

Alikufa mchana ule tulipokuwa kwenye jumba. Sitaki kusema ni saa ileile, kwa sababu sikuangalia saa. Lakini dada alikaa chini palepale barabarani, begi begani, na watu wakadhani ni uchovu wa safari.

Mama yake Twiga alitupokea kwa mikono miwili. Alimkumbatia dada, akamkalisha pembeni yake kwenye mkeka.

"Mwanangu, Mungu akulipe," alimwambia. "Hukumsahau mwenzio. Zile simu ulizokuwa ukimpigia ndizo zilizompa nguvu."

"Simu, mama?" dada aliuliza.

"Kila siku alikuwa ananisimulia. Leo wameingia makumbusho, mie nimesubiri nje. Leo wamenipa chai. Nilimuuliza kama amekasirika kwa kuachwa huku, akasema hapana mama, dada yule akiniona nimechoka ananisubiri." Alijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Siku ile ya mwisho tu ndiyo alinichanganya. Alilia, akasema hawaoni tena, hajui njia. Ulimkatia simu, au nini?"

Dada alifungua mdomo. Maneno yote aliyoyafanyia mazoezi angani yalikuwa hapo, nayaona. Akasema, "Mtandao, mama. Mtandao ulikatika."

Nilimchukia kwa neno lile. Nikanyamaza naye.

Tulipoondoka, mmoja wa wanawake waliomwosha marehemu alitufuata hadi uani. Aliuliza kwa mnong'ono kama sisi tulijua Twiga alikuwa na safari gani. Nyayo zake, alisema, zilikuwa zimechubuka na kupasuka, ngozi imeliwa, namna ya mtu aliyetembea siku nyingi juu ya mawe. Na kitandani hakushuka.

Dada bado anashona. Nguo za harusi hapokei tena, na hasemi sababu. Mwezi uliopita bi harusi alitupigia. Tuliweka simu mezani tukasikiliza wote wawili. Alisema alikutana na yule mtembezaji sokoni, akamkumbuka. Yule mama alimweleza kwamba vumbi la usiku hutanda kwenye zile ngazi za mawe, na wafagiaji wakifungua lango asubuhi hukuta nyayo za miguu mitupu, ndefu, mmoja umeburuzwa. Zinashuka kutoka kile chumba cha kando mpaka langoni, zinasimama, kisha zinarudi juu. Kila siku zinaanza upya.

Dada hakulia. Aliisogelea simu.

"Pale langoni," aliuliza, "zinasimama zikitazama wapi?"

"Nje," bi harusi alisema. "Pale tulipoegesha gari."