Nano Siyo Nane

Asubuhi hiyo Baba Pacha alisimama shambani ameshika kiuno. Wiki ya tatu mvua haijanyesha, na mahindi yale ndiyo chakula cha nyumba yake mwaka mzima. Juzi alipulizia mistari sita mbolea mpya, ile ya kusaidia mimea kuvumilia ukame. Mistari mingine ilikuwa imenyauka kidogo tu. Ile sita ilikuwa imeungua majani!

"Mama Pacha! Njoo uone mambo. Dawa ya kiu inachoma!"

Mkewe alikuja mbio, mikono imejaa unga. "Kwani uliwekaje?"

"Kama tulivyofundishwa mkutanoni. Mbolea ya nane, vifuniko vinane."

"Si ulikuwa unasinzia kule nyuma?"

"Nilifumba macho tu. Masikio yalikuwa wazi."

Baba Pacha alitaka kumwaga mbolea yote, lakini mkewe alikwenda kumwita mtaalamu wa kilimo. Wenyewe walimwita Bibi Shamba.

Bibi Shamba aligusa jani, kisha akaomba chupa. Baba Pacha akampa haraka. Yeye hakujua kusoma, na darasa la watu wazima alilikataa. Alisema ng'ombe mzee hafundishwi jembe.

"Mama Pacha, tusomee," alisema Bibi Shamba.

Mkewe aliweka kidole kwenye karatasi ya chupa. "Na... no. Nano. Ki-fu-ni-ko ki-mo-ja, li-ta i-shi-ri-ni za ma-ji."

"Nano siyo nane, baba," alisema Bibi Shamba. "Nano ni chembe ndogo mno. Macho hayazioni."

"Sasa kama sizioni, nitajuaje zimo?"

"Chumvi ikiyeyuka kwenye maji, unaiona?"

"Siioni."

"Lakini ulimi unajua. Na chembe hizi, jani linazijua. Zikiwa kidogo, zinausaidia mmea kustahimili kiu. Zikizidi, zinauchoma. Tena hazileti maji. Funika udongo kwa nyasi kavu, unyevu usipotee. Pulizia jua likiwa limepoa, na ufunike pua na mdomo."

Baba Pacha alikuna kichwa. Kitu kidogo kiasi hicho, na yeye alikizidisha mara nane! Aliona aibu, tena aibu kubwa.

Mistari ile sita hakuigusa tena. Mingine aliitandazia nyasi, akaipulizia kifuniko kimoja kwa bomba la lita ishirini. Mvua ilichelewa wiki mbili zaidi. Mahindi yalijikunja mchana, yakajikunjua asubuhi.

Siku ya kuvuna, ile sita ilitoa vihindi vya kuchekesha. Mingine ilijaza ghala, si hadi juu, lakini chakula cha mwaka kilipatikana.

Msimu uliofuata Mama Pacha alishika chupa mpya ili asome.

"Lete hapa," alisema mumewe. Alikuwa amemaliza miezi mitatu darasani, amekaa mstari wa mbele. Akaweka kidole kwenye karatasi, jasho likimtoka.

"Ki-fu-ni-ko," alisoma. "Ki... mo... ja."

Akafungua chupa, akapima kimoja, akaifunga.